Mama Alipoinua Mkono Kliniki

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya Machakos haijatuachilia na mawingu yamekalia vilima tangu asubuhi. Naandika nikiwa saiba, kwenye kompyuta ya kukodi, Mwende amelala mgongoni.

Leo nimecheka hadi machozi, na nguo yangu imebaki kavu.

Tangu nimzae Mwende, mtoto wangu wa tatu, nikikohoa mkojo unanitoka. Nikiinua mtungi, unanitoka. Niliacha kwaya nikadanganya kwamba koo linaniuma. Kitandani nililala mbali na mume wangu, nikiogopa harufu. Sikumwambia mtu.

Miezi minne iliyopita nilimpeleka Mwende chanjo kliniki ya Mitaboni, mama yangu akanisindikiza. Sista, muuguzi wa kliniki, akatuuliza sote tuliokaa kwenye benchi: "Nani hapa akipiga chafya mkojo humtoka?"

Tukaangalia sakafu.

Mkono ukainuka kando yangu. Wa mama.

"Mimi," akasema. "Tangu nizae huyu."

Huyu ni mimi. Niko na miaka thelathini na moja.

Nilimkodolea macho. Mwanamke aliyepanda mlima na maji mgongoni kila siku, akalima, akatulea sita! Alidhani ndivyo uzazi ulivyo, basi akanyamaza. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Halafu mwingine, na mwingine, karibu benchi nzima.

Sista akatufundisha kukaza misuli ya huko chini, kama mtu anayezuia mkojo na upepo wa tumbo kwa pamoja, kuhesabu polepole, kisha kulegeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. "Msikate tamaa," akasema. "Itachukua miezi."

Nimekaza nikisonga ugali. Nimekaza mahubiri yakiendelea.

Leo mama alikuja kunisaidia kuchambua maharagwe. Akaninong'oneza, "Unakaza?"

"Hata sasa hivi, mama."

"Hata mimi!"

Tukaangua kicheko mpaka maharagwe yakamwagika. Nikangoja ule uvuguvugu wa mkojo. Haukuja. Mama akajipapasa leso aliyojifunga kiunoni. "Wangu umetoka kidogo," akasema, macho yaking'aa. "Kidogo tu! Zamani ningebadilisha kila kitu."

Nastaajabia mwili huu. Umefunguka ukapitisha watu watatu, na bado unafundishika. Wa mama, baada ya miaka yote hiyo, pia unafundishika.

Lakini zaidi namstaajabia yeye. Ni mangapi mengine ameyabeba, na sijawahi kumuuliza?