Alama Mbili za Anwani

CHUMBA NAMBA NNE,
NYUMA YA KIWANDA CHA MAGODORO.

Kwako mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Kikohozi cha baba kimepungua, na mdogo wangu amekuwa kibogoyo, meno ya mbele yote mawili yameng'oka. Barua hii nampa mama mdogo, maana yeye ndiye anayejua uliko.

Wiki iliyopita tulifanya mtihani wa majaribio wa kuingia chuo kikuu. Hesabu zilinitoa jasho, lakini insha niliiandika bila kuinua kichwa. Swali lilisema: mwandikie barua mzazi aliye mbali. Nimepata kumi na nane kati ya ishirini. Mbili nimekatwa kwa sababu juu niliandika anwani ya nyumba ya zamani, na mwalimu anajua tulihama mwaka jana. Akaandika kwa wino mwekundu, "Hapo jibu litakufikiaje?"

Lakini mama, wewe unaijua ile tu. Baba naye kila Jumapili hupita kwa wapangaji wapya wa nyumba ile kuuliza kama kuna mtu alikuja kututafuta.

Mtihani wenyewe ni mwezi ujao. Anwani ya sasa iko juu. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.