Gari Lililoinuka Tena

Lubumbashi, Jumatatu, 3 Machi 2025

Yaya Symphorien,

Asubuhi hii kuna manyunyu hapa Makomeno. Jino la mbele la Chancelvie wangu limeng'oka. Ninakuandikia kwa sababu wewe, kaka yangu, ni fundi wa magari.

Juma lililopita mume wangu Ruphin alileta gari likiwa chini, tumbo karibu liguse barabara. "Nimekata resori," alisema, yaani springi za magurudumu. "Iko muzuri, hapana? Sasa itashika barabara." Lakini kwenye kona liliyumba kuliko zamani. La jirani yetu Aimé, lililoshushwa kweli, ni gumu na haliyumbi. Nilipomwambia Ruphin, alicheka: "Mama Chancelvie, unajua nini ya gari, weye?"

Alikwenda Kasumbalesa, mpakani. Gari liliporudi, lilikuwa juu kama kwanza. Yaya, resori zilizokatwa zinarefuka tena? Au palikuwa na mzigo chini ya viti?

Jana lilishuka tena. Leo alitaka kwenda na Chancelvie: "Gari yenye iko na mutoto, bapolisi habaisumbuake." Nikasema mtoto ana homa, ingawa hana. Alimgusa paji la uso, akaniangalia, akaondoka peke yake.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Adolphine

Jumanne asubuhi. Sijafunga bahasha. Nililala saa nane za usiku. Ruphin alikuwa hajarudi, na hata sasa hajarudi.