Fulana ya Khole

Jumatatu, 29 Septemba 2025. Montepulciano, Italia

Tumefika. Kwa usahihi zaidi: Khole amefika, mimi nimefikishwa.

Safari hii ni zawadi ya binti yetu Raghad. Wiki nzima ya baiskeli, mji hadi mji, katikati ya mashamba ya mizabibu. Alitaka kutukodia baiskeli za umeme sote wawili. Nilikataa mbele ya jamaa wote kule kwetu Azaiba, Omani. Nilisema baiskeli yenye mota ni udanganyifu. Khole hakubishana. Akachukua ya umeme.

Mji huu umejengwa juu ya kilima. Barabara inapanda, inapinda, kisha inapanda tena. Nusu ya njia pumzi zikaniishia. Nikakaa chini ukingoni mwa shamba, macho yakiona giza. Chiara, msichana anayetuongoza, akaja akanishika bega kama anavyoshikwa mtoto. Nikatiwa ndani ya gari linalobeba mizigo. Dereva akanipa kishada cha zabibu. Nikala. Kupitia dirishani nikamwona mke wangu, mwanamke wa miaka sitini na mitano, kofia ngumu juu ya mtandio, anapanda polepole bila ya kusimama.

Karibu na lango la mji dereva akaishusha baiskeli yangu. Khole alikuwa ameshafika, uso mwekundu, anacheka. Akasema, “Simama hapo nikupige picha, Raghad anaingoja.” Nikasimama, mkono juu ya usukani. Nyuma yangu lango la mawe, la kale sana. Picha ikaenda kwenye kikundi cha jamaa na majirani cha simu.

Jumatano, 1 Oktoba. Pienza

Gari tena. Leo sikujaribu hata kilima cha pili.

Mji mdogo, mzuri, unanukia jibini. Khole kanipiga picha nyingine langoni. Yeye hayumo katika picha hata moja, kwa kuwa ndiye mpigaji.

Kikundi cha jamaa kimejaa pongezi. “Mashaallah, Maalim.” “Umri huo na vilima hivyo!” Mimi niliyekuwa mkaguzi wa nahau, niliyewarejeshea walimu barua zao kwa sababu ya irabu moja, sikusahihisha neno.

Kisha jirani yetu Bakhit akauliza: mbona Bi Khole haonekani? Akajijibu mwenyewe: bila ya shaka yumo garini, anakula zabibu.

Ilikuwa rahisi kumjibu. Sentensi moja tu. Nikampelekea kile kisura cha njano kinachocheka mpaka machozi, ambacho nimewakataza wajukuu zangu kukitumia.

Zabibu nilizila mimi.

Jumamosi, 4 Oktoba. Siena

Mwisho wa safari. Kwenye shamba la mwisho wakatuandalia meza chini ya mizabibu. Wenzetu wa safari walikunywa mvinyo, sisi tukaletewa maji ya zabibu zilizokamuliwa asubuhi. Chiara akagawa fulana za njano, zimeandikwa kifuani kwamba mwenyewe kamaliza, kwa waliomaliza njia yote bila ya kupanda gari. Alipotaja jina la Khole watu wakapiga makofi na kugonga meza. Kamzidi umri kila aliyekuwapo, isipokuwa mimi.

Nami nilipiga makofi. Kwa adabu.

Usiku Khole aliikunja fulana akaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo zake za kulalia. Nilimwuliza kwa nini asiivae kesho kwenye ndege. Akasema, “Watu watauliza.”

Sikuuliza watauliza nini, wala watamwuliza nani.

Jumanne, 7 Oktoba. Azaiba

Nyumbani. Joto bado liko pale pale.

Raghad amekuja kutusaidia kufungua masanduku. Akaiona fulana. “Baba! Na hukutuambia!” Akaiinua juu, akainusa, akacheka. Nilitazama upande wa mama yake. Khole alikuwa anakunja taulo. Akaendelea kukunja taulo.

Raghad ameitundika kwenye majlisi, chumba cha wageni, juu ya kochi ninalokalia mimi. Kila anayeingia ataiona kabla ya kuniona.

Ni ndogo. Hainiingii hata mkono. Hakuna aliyetambua.

Jumatano, 8 Oktoba

Chakula cha mchana kwa dada yangu Khulood. Wanaume upande huu, wanawake upande wa pili, mlango uko wazi. Biriani nzuri, sikuisikia ladha yake.

Nilisikia sauti ya Khulood: “Haya wifi, tueleze. Hicho kiti cha gari kilikuwa laini?”

Kicheko.

“Laini, wifi yangu,” Khole akasema. “Na zabibu tele.”

“Na kiyoyozi?”

“Baridi mpaka nilijifunika.”

“Masikini kaka yangu peke yake juani, na bibi yuko garini kajifunika!”

Kicheko kikubwa zaidi. Khole naye akacheka pamoja nao. Ninakijua kicheko chake, hicho hakikuwa chake.

Karibu yangu Bakhit akanipiga goti. “Maalim, wallahi, mguu huo ulikuwa umeuficha wapi miaka yote? Kanzu inasitiri mengi.” Nikasema alhamdulillahi. Nilisema alhamdulillahi juu ya uongo.

Tulipokuwa tunarudi, tukafika barabara kuu. Khole akasema maziwa yamekwisha. Nikasimamisha gari, nikanunua maziwa.

Kwa hiyo alijua habari za zabibu. Aliniona kupitia dirishani, kama nilivyomwona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bakhit amekuja baada ya Asri. Akakaa chini ya fulana, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu mtukufu. Yeye na wenzake wa msikitini wamenunua baiskeli, wote kwa sababu yangu. Kesho baada ya Alfajiri wanaondoka Matrah, wanapita Maskati, wanakwenda mpaka Sidab. Mimi nitangulie mbele. “Vile vilima vya Sidab kwako ni tuta la barabarani, Maalim. Baiskeli tumekuletea, ya kawaida. Tunajua rai yako juu ya mota.”

Nilisema inshaallah. Akaondoka kafurahi.

Khole alikuja kuondoa vikombe vya kahawa.

“Nitawaambia goti lako linauma,” akasema.

“Goti langu halina kitu.”

“Najua.”

Akapanga vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja.

“Nimekusitiri kule, na kwa dada yako nimekusitiri. Mume na mke kila mmoja ni nguo ya mwenzake, sikatai. Lakini na mimi nilikwenda Italia, Khattab.”

Haniiti kwa jina langu. Tangu tuoane mimi ni Maalim, au Baba Raghad.

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikamwambia sinia litaanguka. Lilikuwa halianguki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumeswali Alfajiri. Sikuweza kulala tena.

Nimeiteremsha fulana ukutani. Msumari umeacha tobo dogo begani. Nimeikunja vibaya, sijui kukunja nguo, nimeiweka magotini. Ninaandika juu yake.

Nimemwuliza Khole kama anaweza kuja nasi Sidab. Amesema: “Nitakuja ukiniita mbele yao. Jikoni siitiki.”

Nimejaribu kutunga sentensi ya kuwaambia. Zote zinaanza na “Khole na mimi”. Nimezifuta. Inatakiwa ianze na “mimi” peke yake, iishie hapo hapo, kisha ije ya pili iwe yake. Miaka arubaini nimewafundisha watu kupanga maneno.

Magari yamesimama nje. Ninasikia baiskeli zikishushwa, Bakhit anawatania wenzake kwamba kwenye lango la kwanza wataambiwa wasimame wapigwe picha. Wanacheka. Raghad yupo pia, amekuja na mumewe kunitazama nikiondoka.

Honi.

Khole amesimama mlangoni. Amevaa viatu vyake vya Italia, bado vina vumbi jeupe la kule. Mtandio ameufunga kwa nyuma, kama alivyokuwa akiufunga chini ya kofia ngumu. Hana hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nazo.

Ameniuliza kwa sauti ya chini, ili nje wasisikie:

“Goti, au fulana?”

Bakhit ameshafungua geti.