Kuonja si Kula

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimekuachia ulale. Sisi huku tu wazima, au niseme tunapumua. Mama angekusalimu kama angejua kwamba ninakuandikia. Hajui. Kwenye simu yeye hukaa ubavuni mwangu, na mimi unanijua, mdomo wangu hujifunga pale pale ninapouhitaji.

Dada, Mama anakwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Alikataza usiambiwe mpaka atoke salama, eti usije ukaacha kazi bure. Magoti yake yamechoka kumbeba. Akipanda ngazi za bwalo hapa shuleni anakopikia husimama katikati akajifanya anatazama mawingu, na sukari nayo haishuki hata kwa dawa. Daktari alitueleza kwamba ataondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kubakiza kipande chembamba kama ndizi. Alisema hayo kwa sauti ya fundi anayeeleza jinsi ya kushona kifungo. Mimi nilishika kiti kwa mikono miwili.

Shangazi alipopata habari alikuja mbio kuuliza ni nani aliyemwambia Mama kwamba unene ni ugonjwa, wakati ukoo mzima umenenepa na haujapungukiwa na kitu. Jirani yetu fundi viatu yeye aliomba kile kipande kitakachokatwa kisitupwe, apewe yeye, maana tumbo lake halijawahi kujaa tangu azaliwe. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi anacheka sana, Dada, na akimaliza kucheka hulipapasa tumbo lake kama anayeliaga.

Kabla ya upasuaji alitakiwa asile chochote kwa wiki mbili, anywe tu: maziwa na supu iliyochujwa. Ini lake limejaa mafuta, na limelala juu ya tumbo, kwa hiyo daktari lazima aliinue ndipo afanye kazi yake. Lisiposinyaa linaweza kuchanika na kuvuja damu. Nilikwenda maktaba kusoma habari za ini. Bora nisingekwenda. Picha yake bado naiona nikifumba macho.

Nyumbani Mama alishika masharti kama askari. Supu aliichuja kwa kitambaa, kisha akaichuja tena. Lakini unajua kazi yake. Dawati langu liko dirishani, na kutoka pale naliona jiko la shule lote. Nilimwona akienda sufuria hadi sufuria na mwiko wake, anadondoshea kiganjani, analamba. Akiongeza chumvi, analamba. Mchuzi ukichemka tena, analamba. Hakuwa anajificha. Kwake yeye hicho si chakula, ni kazi. Mpishi asiyeonja, husema, ni sawa na mwalimu asiyesahihisha.

Tuliporudi kliniki, uzito ulikuwa umepanda badala ya kushuka. Mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole, aliuliza kwa upole kama kuna kitu alichokula. Mama aliapa kwamba hakuna hata punje iliyopita kooni. Hakuwa akidanganya, Dada, na hilo ndilo lililonitisha. Angeingia kwenye kisu na kiapo chake safi.

Mimi nilikuwa pale, nimekumbatia mkoba. Tulipofika getini nikasema nimesahau mwavuli. Nikarudi peke yangu, nikaitazama sakafu, nikasema yote. Yule mama aliniagiza nikamwite Mama, akamweleza kwamba matone ya mwiko kutwa nzima ni sahani iliyojaa, na kwamba upasuaji umeahirishwa. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo Mama akasema kumbe nina mdomo, yeye alidhani nina miwani tu.

Kesho yake akanifanya mwonjaji wake. Siku ya kwanza aliniuliza kama chumvi imekolea, nikaona haya kumkosoa mama yangu mbele ya wasaidizi wake, nikasema iko sawa. Shule nzima ilishinda kwenye bomba la maji. Tangu hapo darasani naitwa Waziri wa Chumvi. Sasa nasema kweli, na yeye kiganja chake kimebaki kikavu.

Juzi tulirudi kliniki. Uzito umeshuka, ini limesinyaa, na upasuaji ni Jumanne ijayo. Mama alishuka kwenye mizani akicheza mabega. Mimi nililia, na wote wakadhani ni furaha.

Dada, haikuwa furaha. Niliporudi na kile kisingizio cha mwavuli, sikurudi kwa ajili ya ini peke yake. Nilitaka wamkatae kabisa. Nilitaka abaki na magoti yake mabovu na pumzi yake ya ngazini, ilimradi abaki. Jana tukisugua sufuria nilimwambia hivyo. Aliendelea kusugua, kisha akasema kwamba labda ulimi wake nao ulikuwa na woga, ukawa unamtafutia njia ya kukwepa. Akasema anaogopa kisu, lakini anaogopa zaidi kuanguka ngazini siku moja mbele yangu, nikiwa dirishani. Sikujua kwamba anajua namtazama.

Siwezi kukaa peke yangu kwenye lile benchi la kungojea hospitalini, Dada. Shangazi atakuja, lakini atasema mfululizo. Nataka mtu wa kunyamaza naye. Njoo kabla ya Jumanne, na kazi yako ikikasirika tutaibembeleza baadaye.

Wasalimie wenzako wote unaoishi nao, na uvae kitu kizito kifuani. Mimi na Mama tunakupenda, ingawa ni mmoja wetu tu anayejua kwamba amekuambia hivyo.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,

Miwani