Mashine Sitini na Moja za Shangazi

Kwa Shangazi, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako. U hali gani huko uliko? Wifi mgongo umemwachia, au bado anaokota vitu kwa vidole vya mguu? Na kitinda mimba wenu, amepatana na hesabu au wangali wamenuniana? Sisi ni wazima. Mimi macho ndiyo yameanza kunisumbua, sindano naitunga uzi kwa kubahatisha, lakini cherehani inazunguka na wateja hawajanikimbia.

Usishangae kuona anwani hii. Nina wiki mbili hapa kwa Shangazi. Aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mguu, akatuma ujumbe kwamba anahitaji mtu wa kumsogezea sufuria. Nikafunga duka nikaja. Unajua tangu Baba alipompiga marufuku nyumbani nilikuwa namwona kwa kuibia, tena mlangoni. Sikuwahi kuvuka sebule yake.

Sasa Kaka, kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Ukivuka sebule kuna vyumba viwili, na vyote vimejaa mashine za kufyonza vumbi. Nimezihesabu mara mbili: sitini na moja. Usidhani ni makopo yaliyorundikwa. Zimepangwa kwenye rafu kwa umri wake, kama wanafunzi kwenye picha ya shule. Kuna ndefu kama kombora, imelala juu ya vyuma viwili vya kuteleza. Kuna duara kama chungu. Kuna za kusimama, mfuko wa kitambaa umening'inia mbele kama aproni. Moja haijui umeme kabisa, unaisukuma kwa mkono kama pampu ya baiskeli huku mwenzako ameushika mdomo wa mashine. Zote zimepakwa nta, ukiinama unaona meno yako.

Mipira yake ya kuvutia vumbi inaning'inia darini, mingine ya raba, mingine ya kitambaa kilichofumwa vizuri kuliko nguo tunazovaa. Unapita katikati yake kama mtu anayepenya kwenye nguo zilizoanikwa. Halafu kuna droo za vichwa: cha zulia, cha pazia, cha godoro, cha pembe za kochi ambako makombo hujificha, na kimoja chembamba kama kalamu cha kusafishia kinanda. Kipo ambacho ukikifunga upande wa nyuma, mashine inapuliza rangi ukutani. Kila kitu kina kikaratasi kwa mwandiko wake. "Hii ilifanya kazi hotelini miaka kumi na tisa." "Hii ilitupwa mvuani, ilikohoa siku tatu ikapona." Nilivisoma vyote nimesimama, mpaka chai yangu ikapoa.

Siku ya pili alinionyesha jambo. Alichomeka moja kwenye umeme, akafunga mpira pale upepo unapotokea, akauelekeza juu, kisha akaachia tufe jepesi la plastiki hewani. Halikuanguka. Lilisimama pale juu likizunguka polepole, halijashikwa na kitu, na Shangazi na magongo yake akilitazama kama ndiyo kwanza analiona. Nilimwomba arudie mara nne. Mtu mzima mimi.

Lakini moja ilikuwa peke yake juu ya kabati la nguo, imefunikwa shuka, haikupakwa nta. Nilipouliza aliniambia nizime jiko kwanza, ndipo akanisimulia.

Unaikumbuka kazi ya usafi aliyokuwa nayo nyumbani kwa daktari, na jinsi alivyoondoka. Sisi tuliambiwa aliiba hereni ya dhahabu ya mke wa daktari. Hadithi yake yeye ni fupi. Alikuwa anafyonza zulia la chumbani, akasikia kitu kikigonga ndani ya mpira, mara moja tu, kikanyamaza. Hereni ilipokosekana alisema alichosikia. Wakaumwaga mfuko wa vumbi juu ya gazeti, wakachambua unywele kwa unywele, wasione kitu. Akaomba mpira wenyewe ufumuliwe. Akajibiwa kwamba mashine nzima haiwezi kuharibiwa kwa uongo wa mfanyakazi, na siku hiyo hiyo akafukuzwa. Baba akawaamini wao.

Baadaye alipata kazi ya usafi kwenye jengo la ofisi, na popote aliposikia mashine kuukuu inatupwa, alikwenda kuitazama. Ile ya kwa daktari ilikuwa na alama ya pasi kwenye mpini, aliuunguza mwenyewe kwa bahati mbaya. Ilimchukua miaka ishirini na moja kuiona tena alama hiyo, kwenye mkokoteni wa muuza vyuma chakavu. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Nikamwuliza, sasa muda wote huo hajaufungua ule mpira?

"Naogopa, mwanangu," akasema. "Nikiukuta mtupu, nitaanza na mimi kujiuliza."

Nilipakua chakula, tukala. Asubuhi yake nilimkuta mezani, shuka limeondolewa, mpira umelazwa mbele yake. Akasema mimi ni fundi, basi nifumue.

Kaka, nimefumua magauni ya maharusi waliobadili mawazo, lakini sijawahi kufumua polepole namna ile. Nje ni kitambaa, ndani waya umejizungusha, katikati bitana. Nilikwenda uzi kwa uzi kwa ncha ya wembe. Shangazi aliweka mguu juu ya stuli akatazama dirishani. Hakugeuka hata mara moja. Nilikuta vumbi, nikakuta kijiti cha kiberiti. Nikapita nusu. Ikabaki shibiri moja, nikawa natafuta maneno ya kumwambia. Karibu kabisa na shingo, pale mpira unapoingia kwenye mashine, bitana ilikuwa imechanika. Ndani ya mchaniko kulikuwa na kidonge cha vumbi kimeng'ang'ania waya. Nilikivuta, nikakipangusa kwa kidole, kikaanza kung'aa.

Niliiweka hereni kwenye kiganja chake. Aliifunga mkononi bila kuitazama.

"Kumbe nilisikia vizuri," akasema.

Alilia baadaye, akiwa anaosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Kesho yake hakutaka kusikia habari ya mguu, tukachukua teksi. Mke wa daktari alishafariki, nyumbani anaishi binti yake. Alitusikiliza amesimama mlangoni, akaingia ndani, akarudi na kikasha kidogo. Ndani mlikuwa na hereni moja. Akaziweka sambamba, zikafanana, na yule binti akaketi pale pale kwenye ngazi.

"Mama yangu alikukosea," akasema, "na hayupo kukwambia. Nakwambia mimi."

Shangazi alimshukuru, akamshika bega. Halafu, kwa adabu zake zote, akamwuliza siku hizi wanafyonzea mashine gani. Tulirudi na moja kwenye buti, kwa hiyo sasa ni sitini na mbili.

Njiani nilimwuliza kama ataacha kuzikusanya, maana aliyoitafuta ameipata. Alinitazama kama mtu niliyelala darasani. Akaniambia hereni aliacha kuitafuta mwaka wa tatu au wa nne. Hizo nyingine alizichukua kwa sababu watu wanazitupa zikiwa bado zina pumzi. Tangu hapo namtazama, Kaka, na sijui nimwite nani: mwizi si yeye, mtafuta hereni naye si yeye. Nimerudi kumwita Shangazi.

Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Shemeji yako anauliza lini utakuja mmalizie ubishi wenu wa mpira wa miguu.

Shangazi naye anakusalimu, na salamu yake nimeiweka mwisho kwa sababu imenishinda. Mimi nimeishi nikijua kwamba asubuhi ya harusi yako Baba alikutuma ukamwambie asije, na wewe ukaenda. Uliporudi hukusema kitu, nami nikakuhesabia kosa miaka yote hii. Nisamehe. Jana aliniambia kwamba ulikwenda umeshavaa suti. Ulisema ulichotumwa, lakini hukuondoka. Ulinyoosha koti, ukazunguka taratibu pale mlangoni, mzunguko mzima, ili akuone na mgongoni. Anasema nikwambie kwamba harusi yako aliihudhuria.

Mungu akutunze kwa ajili yetu sote.

Mdogo wako, anayekupenda leo kuliko jana.