Shimo la Nguzo ya Zamani

Chumba cha Vifaa,
Uwanja wa Klabu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana najua jiko hilo la hospitali linakusimamisha kutwa nzima. Magoti yanasemaje? Ule mkanda ulionunua unasaidia, au umeutupa kabatini kama kawaida yako? Shemeji hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu?

Huku tunapumua. Kifua cha wifi yako kimeachia, anakusalimu. Mimi mwili mzima. Mwili tu.

Dada, nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza tu mimi napata pa kujificha. Nimejificha miezi kumi na moja sasa. Soma mpaka mwisho, ndipo unilaani.

Ni habari ya mwanao uliyeniachia nimlee, Kiberiti wetu.

Nilikwambia kwamba siku ile alipokea mpira karibu na goli, akageuka kushoto, hakuna aliyemgusa, kano ya goti ikakatika. Hayo ni kweli. Uongo wangu uko kwenye kile nilichokiacha.

Klabu ilipopanda daraja tuliambiwa uwanja ni mfupi, tukarudisha magoli nyuma hatua nne. Mashimo ya nguzo za zamani yakabaki ndani ya uwanja, mbele ya goli jipya. La kulia lilitulia. La kushoto kila mvua ikinyesha linadidimia. Dawa yake naijua, ndiyo kazi yangu: unachimbua, unamwaga kokoto, unashindilia, unaweka udongo, unashindilia tena. Nusu siku.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imefuta mistari yote. Mechi saa kumi, wageni wanakuja. Nikaliona shimo limeshuka karibu nusu ya muundi. Ningelishughulikia, mistari isingewahi. Na mstari uliopinda kila mtu anauona. Basi nikajaza majani niliyokata, nikatupia udongo beleshi moja, nikakanyaga kwa kiatu, nikaenda kuchora. Mistari ilinyooka mpaka katibu wa klabu akanipigia makofi. Nilifurahi, dada. Hilo ndilo linanichoma, kwamba nilifurahi.

Kipindi cha pili nilikuwa nimekaa kando ya kibendera cha kona. Nikauona mguu wa mtoto unazama.

Daktari alimshona vizuri, na yule mama wa mazoezi ya viungo hakumwonea huruma hata siku moja. Baiskeli, ngazi, kuruka kwa mguu mmoja juu ya godoro huku akitukanwa kwa upendo. Januari mwaka huu akatuambia, "Goti hili sasa ni zima kuliko lile jingine. Mpelekeni uwanjani mniondolee kelele."

Tukampeleka. Akacheza kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mpira ukija mguuni anaurudisha nyuma haraka kama unamchoma. Kushoto hageuki kabisa. Watu jukwaani wakaanza kuimba, "Kiberiti kimelowa! Kiberiti kimelowa!" Mwalimu wake akamweka benchi, akamwambia orodha ya wachezaji inafungwa mwisho wa mwezi huu.

Siku moja anafungua kamba za viatu pale kibarazani, akaniambia, "Mjomba, ningepigwa buti ningemjua adui yangu. Hakuna aliyenigusa. Goti lilikatika lenyewe. Likitaka litakatika tena." Nikamwambia, "Litazoea." Hilo tu ndilo lililonitoka.

Halafu ukapiga simu. Unakumbuka? Ukalia, ukamwomba msamaha mwanao kwamba umemrithisha magoti yako mabovu. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na mimi niko palepale namenya viazi. Nikaendelea kumenya.

Sikuwa na sababu kubwa, dada. Niliogopa kibarua, na nyumba hii inakwenda na kibarua. Baadaye nikawa namwogopa yeye. Kila wiki ikipita inakuwa vigumu zaidi, mpaka ukimya wenyewe ukawa kosa kubwa kuliko shimo.

Jumanne iliyopita alinikuta nasafisha mashine ya chokaa. Viatu vyake vya mpira ameviosha, amevifunga pamoja kwa kamba. Akavining'iniza msumarini, akasema, "Nimemaliza mjomba. Nifundishe kuchora mistari. Tutafanya kazi wote."

Anataka kufanya kazi na mimi! Nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia yote. Yaani nilidhani nimemwambia yote.

Alichukua beleshi, akaenda mbele ya goli, akachimba. Mara akasimama. Ameukuta udongo mgumu wenye kokoto. Mtoto huyu amekulia kwenye kazi yangu, anaujua mkono wangu ukishindilia.

"Hapa pamefukiwa vizuri," akasema. "Lini?"

Hilo nilikuwa nimeliruka. Nikamjibu nikitazama viatu vyangu, "Siku ileile. Walipokubeba kukupeleka hospitali, mimi nilibaki. Nilifukia kwanza, halafu nikakufuata."

Ndivyo ilivyokuwa, dada. Mtoto wako anapelekwa hospitali analia kwa maumivu, na mimi ninayeitwa mjomba niko uwanjani nashindilia udongo asije mtu akaliona shimo. Ulipouliza kwa nini nilichelewa kufika, nilikwambia sikupata usafiri.

Akaendelea kuchimba. Chini kabisa akayakuta majani yangu, yameoza, meusi. Akayatoa yote kwa mkono. Akaingiza mguu wake wa kushoto mle ndani, akasimama hivyo muda mrefu, ananyanyua kisigino na kukishusha. Nikamsikia anasema taratibu, kama anaongea na goti lenyewe, "Kumbe si wewe."

Kisha akanigeukia. "Mama analia kwa ajili ya magoti yake, na wewe upo hapo unamenya viazi."

Akachukua viatu msumarini, akafunga begi. Yuko kwa rafiki yake golikipa. Tangu hapo hajanisemesha.

Alhamisi nilichungulia dirishani kwenye kiwanja cha mazoezi cha pembeni. Mpira ulimjia, akageuka kushoto. Akaanguka vibaya. Akainuka, akajipangusa, akapiga makofi wamletee tena. Akageuka tena. Nilihesabu mara kumi na nne, halafu machozi yakaniharibia hesabu. Jana kwenye mechi ya mazoezi palepale aliingia dakika ishirini za mwisho, akamgeuza beki mmoja mpaka akakaa chini, akapiga shuti likagonga mwamba. Benchi zima likaruka, "Kimewaka!" Nimesikia jina lake halijafutwa kwenye orodha. Akarudi mbio akapita hatua mbili kutoka nilipokuwa. Hakuniangalia.

Amerudi, dada, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Wifi yako bado anampakulia kila mlo, kisha anakirudisha chakula kwenye sufuria.

Kesho asubuhi nakwenda kwa katibu wa klabu kumweleza. Kibarua kikiota nyasi, basi, nyasi nimezizoea.

Sikuombi unitetee kwa mwanao, wala usimwambie anisamehe. Nakuomba kitu kimoja. Mpigie. Mwambie magoti yako hayana ubovu, yamechoka kusimama tu. Na wewe mwenyewe uamini hivyo. Mzigo huo nilikuachia uubebe na haukuwa wako.

Shimo bado liko wazi, nimelizungushia kamba. Jana asubuhi nilikwenda na beleshi nilifukie, nikakuta kibao kimeandikwa kwa chokaa yangu: MJOMBA USIGUSE. Nikaacha kokoto na udongo pembeni, nikaondoka.

Leo nimepita tena. Chini ya shimo kuna tabaka moja la kokoto. Limeshindiliwa vizuri mpaka kwenye kingo, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. Moja tu. Nimesimama hapo sijui kwa muda gani. Sithubutu kulipa maana yoyote.

Nisalimie shemeji, ingawa sijui utamweleza nini. Mapacha uwabusu, na bibi wa mlango wa pili anayekuangalizia watoto mwambie ahsante. Mungu akupumzishe miguu, akulinde huko ugenini, na akupe moyo mkubwa kuliko ninaostahili.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, na leo sina uso wa kukutazama.