Kofi Moja Tu, Eti

Mwenzangu, uko wapi? Nimetoka kwenye usaili wa shahada ya ukunga sasa hivi na mwili wote unanisisimka kwa kinyaa.

Walikuwa wahadhiri wawili, mama mmoja mpole na mzee mmoja, daktari wa uzazi. Mzee akaniuliza kwa nini nataka ukunga. Nikamwambia ukweli, kwamba dada yangu alipigwa kofi akiwa katikati ya uchungu, na mimi nataka wanawake wazae bila kupigwa.

Akacheka! Nakuapia, alicheka mpaka akavua miwani.

Eti, "Binti, wengine hawasukumi mpaka uwachape. Kofi moja tu, mtoto huyo hapo."

Kofi moja tu! Anavyolisifia utadhani dawa. Nikamtazama yule mama, naye akainamisha macho.

Nikasema, "Daktari, nimekuja kujifunza kuzalisha. Kupiga hata mlevi anajua."

Nikajua nimeshajiharibia, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Sasa sikia. Yule mama akanifuata hadi kwenye ngazi, akanishika mkono. Akaninong'oneza, "Mwanangu, mtoto wangu wa kwanza nilizalishwa na yule yule. Nilipigwa mawili. Nafasi yako nitaipigania, usithubutu kwenda chuo kingine."

Nimemwahidi nitakuja.

Lakini hebu fikiria, mwenzangu. Kila asubuhi yule mama anaingia ofisini, anamkuta yule mzee pale, anamwambia shikamoo!